Beringi Saba za Gari la Mwalimu Wambeti

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Nilipewa karai, mafuta ya taa, brashi ya waya na rundo la vyuma vyeusi vilivyotolewa ndani ya lori la kahawa, nikaambiwa nivioshe. Ilikuwa Meru mjini, miaka michache baada ya Uhuru, asubuhi ya Julai yenye ukungu, na mafuta ya taa yalikuwa baridi hadi yakauma vidole. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano. Tangu hapo nilikuwa nimechuma chai, nimeuza viatu vya matairi, nimechimba visima, nimekuwa turnboi, msaidizi wa dereva wa lori, na mpishi wa hoteli, na hakuna mahali nilipomaliza mwaka. Nikishaelewa jinsi kitu kinavyofanya kazi, miguu ilianza kuniwasha.

Baada ya saa nzima Fundi Mkuu alikuja kunitazama. Alikuwa mtu mfupi wa upande wa Nkubu, na koti lake la kaki lilikuwa limelowa mafuta ya miaka mingi hata mvua ilikuwa inateleza juu yake. Aliokota kipande nilichokuwa nimekisugua mpaka kikang'aa.

"Hii ni nini?"

"Ni chuma, mzee."

"Hata jembe la mama yako ni chuma. Nakuuliza inakaa wapi na inashikana na nani."

"Sijui."

Akawageukia wenzake. "Baite, jamaa zangu, njooni muone! Huyu jamaa anaosha maiti na hajauliza jina!"

Walikuja, wakacheka vya kutosha, wakarudi kazini. Kisha mzee yule akachuchumaa karibu na karai langu na kunifundisha majina. Pistoni ni ule mkebe unaopanda na kushuka ndani ya silinda. Konrodi ni mkono unaoushika mkebe huo kutoka chini. Kranki ni mhimili mzito wenye viwiko, ambao hupokea kule kupanda na kushuka na kukugeuza kuwa mzunguko. Na kila mahali kranki inapozungukia pana kitanda chake, yaani beringi. Nusu ya kitanda imo ndani ya injini, nusu nyingine imo kwenye kofia inayofungwa kwa nati. Katikati hupita utando wa oili mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.

"Chuma hakitakiwi kugusa chuma," aliniambia. "Siku vitakapogusana, kelele yake utaisikia ukiwa kule mjini Maua."

Wewe uliyenunua gari la zamani na unataka kulifufua kwa mikono yako, anzia hapo kwenye karai. Najua unawaza rangi na viti vya ngozi. Acha kwanza. Nunua daftari. Kila unachofungua kichore, hata kama unachora vibaya kama mimi. Mikebe ya maziwa ya watoto ni mizuri kwa nati, na kila mkebe uandike jina. Toboa matundu kwenye katoni, upange valvu, ile milango ya hewa na moshi, humo kwa mfuatano uliozikuta nao, maana kila valvu imezoea kiti chake na haitaki cha jirani. Kofia za beringi ndizo uzilinde kuliko zote. Kofia ya kwanza irudi ya kwanza, na mdomo wake uangalie ulikokuwa ukiangalia. Zilichongwa pamoja na injini yao, na ukizichanganya hakuna spana itakayokuokoa.

Pale Meru nilikaa miezi kumi na moja, kisha miguu ikaanza. Nilikwenda Mikinduri, ambako fundi mmoja alikuwa akitengeneza magari ya kubeba miraa kwenye kiwanja kisicho na paa. Nataka nimsifu mtu huyu, kwa sababu mafundi wa kiwanjani husemwa vibaya na watu wasiowahi kufanya kazi yao. Miraa ikishakatwa haina subira. Ikichelewa hukauka, na jasho la mkulima hukauka nayo. Kwa hiyo gari lililoingia kwetu likigonga halikuja kufanywa jipya. Lilikuja ili lifike. Beringi ikilegea, fundi alikuwa anachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, anaukata kwa mkasi wa fundi cherehani, anaweka kipande cha bati nyuma ya beringi ili ibane, anafunga, na gari linaondoka. Niliwahi kumwona akitumia mshipi wa ngozi uliolowekwa kwenye oili badala ya beringi yenyewe, na dereva akafika na mzigo wake, akarudi siku ya pili akiimba.

"Hii itakaa siku ngapi?" nilimuuliza.

"Kwani tumepatana siku? Tumepatana safari."

Nikajifunza kukata bati. Niliona ni ujanja mkubwa, mpaka nilipofika Embu.

Karakana ya Embu ilihudumia malori ya kahawa na ya mbao, na ilikuwa na Msimamizi ambaye mpaka leo nikimkumbuka nanyoosha mgongo. Alikuwa Muembu mrefu, mkimya, ambaye alifunga tai chini ya ovaroli. Zana zake zilikuwa ukutani, na kila moja imechorewa umbo lake kwa chaki. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Mikinduri.

"Kwa watu wa bati?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapa bati huenda chooni."

Sikuelewa mpaka wiki hiyo ilipoingia pikapu iliyofunguliwa na kukutwa na kipande cha mkebe nyuma ya beringi, bado kina nusu ya picha ya jogoo. Msimamizi alikishika kwa koleo kama mtu aliyeshika panya. Kazi zote zikasimama. Mafundi walimfuata kwa mstari hadi choo cha shimo kilichokuwa nyuma ya karakana, mmoja akigonga sufuria, mwingine akimwombea marehemu kwa sauti ya mchungaji. Bati likatupwa shimoni. Msimamizi akanawa mikono na kurudi kazini bila hata kutabasamu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale, na nakiri ilikuwa njia nzuri ya kufundisha. Niliyaonea aibu mabati yangu ya Mikinduri, na tangu siku hiyo nilikuwa wa kwanza kuchungulia nyuma ya kila beringi nikitafuta bati la kupeleka.

Nilikuwa hapo kama miezi tisa wakati trekta lilipoleta gari la Mwalimu Wambeti kutoka Kianjokoma. Lilikuwa dogo, jeusi, la kabla ya vita kuu ya pili, taa zake zimetokeza kama macho ya chura. Mama huyo mwalimu alikuwa amelinunua kwa mkulima mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akajifunza kuliendesha mwenyewe katika uwanja wa shule alikokuwa mwalimu mkuu. Sasa alikuwa amestaafu. Kule juu, mvua ikinyesha, barabara nyekundu ilikuwa kama sabuni, na gari lile jembamba lilipita mahali ambapo malori yalilala. Akina mama wengi wa Kianjokoma waliletwa hospitali ya Embu kujifungua wakiwa wamekaa kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini injini ilikuwa imeanza kugonga, na mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameshapanda kwa Mwalimu mara mbili kuliangalia.

"Nimemwambia asubiri," Mwalimu alimweleza Msimamizi. "Mkishindwa nyinyi, nitampa. Sitaki kuona likiota nyasi mlangoni pangu."

Msimamizi alizungusha injini kwa mkono, akasikiliza kwa bisibisi aliyoiweka sikioni, akasema beringi zimelegea lakini hazijafa. Beringi za magari yale hazikuwa za kununua dukani. Zilikuwa metali nyeupe, laini, iliyomiminwa moja kwa moja ndani ya injini, saba kwa jumla: tatu za kushika kranki na nne za konrodi. Ukiziharibu, huna pa kupata nyingine. Aliniambia, "Wewe utaifungua, uioshe, uipange. Mimi naenda Nairobi kutafuta ringi za pistoni. Nikirudi tutaangalia beringi pamoja."

Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Kila nati ilitoka kwa heshima. Injini ile ilikuwa imetengenezwa na watu waliokuwa na muda, hata mahali pasipoonekana pamepigwa tupa pakawa laini. Niliosha, nikachora, nikaweka alama. Nilipofungua kofia ya kwanza ya beringi nikakuta, kati ya kofia na injini, vijikaratasi vyembamba vya shaba, vimewekwa kimoja juu ya kingine pande zote mbili. Kofia ya pili vilevile. Zote saba.

Nikawaza: hata huyu mzungu alikuwa na fundi wa Mikinduri!

Nilivikusanya vyote kwenye kiganja. Msimamizi hakuwepo, basi mimi ndiye niliyeongoza msafara. Sufuria iligongwa. Marehemu aliombewa. Nilivitupa shimoni nikiwa na furaha ya mtu aliyefanya usafi nyumbani kwa mkwe wake.

Kesho yake nilitaka Msimamizi akirudi akute kranki iko kitandani, imefungwa, inazunguka. Nikapaka oili, nikaweka kofia kila moja mahali pake, nikakaza nati. Kranki haikuzunguka. Nilidhani nimekosea namba, nikafungua na kuangalia, nikakuta namba ni sawa. Nikafunga tena. Nikaweka nondo na kuisukuma kwa uzito wangu wote. Haikutikisika hata kidogo. Nikakaa kwenye gunia na kuitazama, na nikiwa nimekaa hapo, akili ikanirudia polepole. Vile vishaba havikuwa viraka. Vilitoka kiwandani pamoja na injini. Viliitwa shimu, na viliwekwa kwa makusudi, ili metali nyeupe ikilika, fundi atoe kimoja chembamba na kofia ishuke kidogo, beringi ibane tena kama ilivyokuwa. Msimamizi alitaka kufanya hivyo tu. Kazi ya siku mbili. Na mimi nilikuwa nimetupa shimu za beringi zote saba, kila moja na unene wake, bila kupima, bila kuandika, mahali ambapo hakuna mtu angeingiza mkono.

Mfuko wangu wa nguo haukuwa mkubwa. Niliupanga kwa dakika tano. Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka adhuhuri, na nilijua namna ya kuondoka kuliko nilivyojua kazi yoyote. Nilikuwa nimefika kwenye lango la karakana Mwalimu Wambeti alipoingia, amebeba kikapu cha nduma za kuchemsha na chupa ya chai.

"Nimekuja kuona injini yangu ikiwa tupu," alisema. "Nimeiendesha miaka yote hii na sijawahi kuona tumbo lake. Nionyeshe."

Nikaweka mfuko chini. Nilimwonyesha pistoni, valvu, konrodi. Aliuliza maswali ambayo mafundi wengine hawaulizi: kwa nini hii ina tundu hapa, oili inapandaje, nani huamua valvu ifunguke lini. Nikasahau hali yangu kwa muda, kwa sababu kueleza kitu unachokipenda ni raha. Kisha akashika mwisho wa kranki kwa mikono yake miwili akajaribu kuigeuza.

"Mbona haizunguki?"

Ningeweza kumwambia ni baridi. Nilimwambia ukweli wote, hata habari ya sufuria.

Hakupiga kelele. Alimimina chai, akanywa nusu kikombe. "Nimefundisha miaka mingi," alisema. "Kuna mtoto mmoja kila mwaka ambaye hufuta ubao kabla darasa halijanakili. Si mtoto mbaya. Kwa kawaida ndiye anayependa sana kumsaidia mwalimu. Na ule mfuko pale chini ni wa nani?"

"Ni wangu, Mwalimu."

"Unasafiri?"

Niliusukuma mfuko kwa mguu hadi nyuma ya gunia.

"Unaomba nikusamehe, naona kwa macho. Siwezi. Gari halijatembea. Ukienda, nitamwita yule mtu wa vyuma jioni hii. Ukibaki, angalau nitajua ni nani wa kumlaumu. Kula nduma."

Nilikula nduma. Basi likapiga honi na kuondoka.

Msimamizi alirudi siku ya pili, ringi za pistoni zimefungwa kwenye gazeti. Nilimweleza nikiwa nimesimama wima. Alikwenda mpaka nyuma ya karakana, akasimama mlangoni pa choo kwa muda, akarudi.

"Nilikwambia bati huenda chooni," alisema. "Sikukwambia kwa nini. Nilipenda ile sherehe kuliko maelezo. Basi kosa limegawanyika, lakini mikono ya kulirekebisha ni yako."

Akafungua kabati lake la kufuli. Ndani mlikuwa na karatasi za shaba za unene mbalimbali zilizokunjwa kama nguo za Jumapili, na kisanduku kilichotandikwa kitambaa. Humo mlikaa maikromita, chombo kama upinde mdogo wa chuma ambacho hupima unene. Hupima sehemu moja ya elfu ya inchi, ambayo sisi mafundi tunaiita thau.

"Soma hapa," aliniambia.

Niliangalia vile vistari na vinamba. Sikuona chochote. Nilikuwa nimeacha shule kabla ya desimali, na mpaka siku hiyo hakuna aliyejua, maana mtu mwenye maswali mengi hudhaniwa kuwa na majibu pia.

"Siwezi kusoma vinamba hivi, bwana."

Msimamizi aliirudisha maikromita kwenye kitambaa chake. Aliyezungumza ni Mwalimu, ambaye alikuwa amekuja tena kuangalia mali yake. "Hilo ni langu," alisema. "Nikopesheni hicho kidude na huyu mtu. Nitamrudisha Jumatatu."

"Kidude hicho, Mwalimu, hakijawahi kutoka hapa," Msimamizi alisema.

"Hata mimi sijawahi kuharibu kitu cha mtu. Waulize hawa."

Nilikwenda Kianjokoma nikiwa na kile kisanduku mapajani. Alinikalisha kwenye dawati la mtoto alilokuwa amelihifadhi kibarazani, magoti yangu yakigonga mbao. Kwanza alinifundisha kwa ndizi moja: kata vipande kumi, kila kipande ukate kumi, kila kidogo ukate kumi tena, ukiweza. Niliposema kile cha mwisho hakikatiki, akasema, "Hiyo ndiyo thau. Huioni, lakini ipo." Kisha akang'oa unywele wangu mmoja akauweka katika maikromita. Thau tatu. Akang'oa wake, wenye mvi. Thau mbili na nusu.

"Umeona? Mimi nimelika zaidi," alisema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Tulipima kila kitu nyumbani mle: jani la chai, ukurasa wa kitabu cha nyimbo, bawa la nzi, ukucha wa mjukuu. Kufikia Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nasoma kile chombo haraka kuliko yeye. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena. Dunia nzima ilikuwa na unene, na sasa ningeweza kuutaja.

Kazi yenyewe ilichukua wiki tatu. Nitaieleza kwa sababu huenda ukaihitaji. Unapaka rangi ya bluu, nyembamba sana, mahali kranki inapozungukia. Unailaza kitandani, unafunga kofia ukiwa umeweka shimu nyingi kupita kiasi, unazungusha kidogo, unafungua. Bluu iliyobaki kwenye metali nyeupe inakuonyesha vilima. Unavikwangua kwa kisu chenye makali matatu, si kwa nguvu, kama unayetoa ukoko kwenye sufuria ya bibi harusi. Unarudia. Vilima vinapungua na bluu inaenea, mpaka beringi yote iwe na madoa kama mgongo wa kanga. Hapo unaanza kupunguza shimu, moja huku na moja kule, kwa usawa.

Utajuaje imetosha? Msimamizi alinifundisha kwa karatasi ya sigara ya kusokota, ambayo niliipima mwenyewe na kukuta ni thau moja. Weka ukanda wake kati ya kranki na beringi, kaza nati. Kranki ikizunguka kwa uzito, kama mtu anayetembea kwenye matope, toa karatasi ukaze tena. Sasa ikizunguka kwa wepesi, ukiisukuma kwa mkono mmoja ikaenda na kutulia taratibu bila kukwama, umefika. Oili itapata nafasi yake na chuma hakitagusa chuma. Fanya hivyo kwa beringi moja moja, nyingine zikiwa zimelegezwa, ili ujue nani anakudanganya. Ya nne ilinidanganya siku nne nzima. Niliikwangua, nikaifunga, nikaifungua, mpaka nati zilianza kunitokea ndotoni. Msimamizi alipita akatazama, hakugusa.

"Unaweza kunisaidia, bwana?"

"Naweza."

Akaendelea kusimama, mikono nyuma. Siku ya nne nikagundua mwenyewe kwamba punje moja ya unga wa shaba ilikuwa imelala chini ya shimu. Punje ambayo usingeiona bila kuinamisha kofia kwenye jua. Nilipoitoa, kranki ikazunguka kama inayeyuka.

"Sasa umeajiriwa," alisema, na kwenda kunywa chai.

Siku ya kuiwasha, mafundi wote waliacha kazi. Mwalimu alikuja na shati jeupe la kanisani. Tuliijaza pampu oili kwanza, tukazungusha injini kwa mkono bila plagi mpaka oili ikaonekana inachuruzika juu kwenye valvu. Tukarudisha plagi. Msimamizi alimpa Mwalimu ile hendeli ya kuwashia kutoka mbele. "Ni lako," alisema. Mwalimu alizungusha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikapiga chafya. Mara ya tatu ikashika.

Niliweka bisibisi kwenye ubavu wa injini na sikio langu kwenye mpini. Nilikuwa nimesikia injini nyingi Meru na Mikinduri, lakini zote zilikuwa zinalalamika jambo fulani. Hii haikulalamika. Ilikuwa sauti kama ya mashine ya cherehani chumba cha pili, na chini yake mnong'ono wa oili. Msimamizi alichukua bisibisi, akasikiliza, akalegeza tai. Sikuwa nimewahi kumwona akilegeza tai.

Lakini injini ikiwaka bado hujapasi. Mwalimu aliendesha maili mia tano polepole, kama tulivyomwagiza, kanisani, sokoni, hospitali, bila kuisukuma mlimani. Kisha akarudi ili tufungue sampu, ile beseni ya oili iliyo chini, na kuangalia beringi zilivyokaa. Nilikuwa nimelala chini ya gari nilipoona viatu vyake, kisha goti, kisha Mwalimu mzima akajilaza kwenye gunia kando yangu akiwa na gauni lake la Jumapili.

"Mwalimu, utachafuka!"

"Sogea. Fungua."

Nikafungua kofia moja moja, nikamwonyesha. Metali nyeupe ilikuwa inang'aa kwa usawa, haina mkwaruzo, haina doa jeusi. Alipitisha kidole kwenye kila moja, zote saba, akakitazama kidole.

"Sita juu ya saba," alisema.

"Ipi imekosea, Mwalimu?"

"Hakuna. Moja nimekata kwa ajili ya choo."

Gari lile lilipanda Kianjokoma kwa miaka mingi baadaye bila kufunguliwa tena. Mtu wa vyuma chakavu aliacha kupita. Mwalimu aliliendesha mpaka macho yake yalipokataa, na hata hapo alikaa kiti cha mbele akimsahihisha aliyeendesha. Amekwisha kutangulia. Familia yake bado inalo, na nasikia injini bado inashika kwa mzunguko wa tatu.

Nami sikuondoka Embu. Niliendelea pale pale hadi nilipostaafu, nikiwa nimepewa cheo cha Msimamizi baada ya mzee wetu. Watu huniuliza miguu iliacha kuwasha lini. Haikuacha. Niligundua tu kwamba ndani ya injini moja mna safari zaidi ya zile zote nilizokuwa nimefanya, na kwamba nilikuwa nikiondoka kila mahali pale kazi ilipoanza kuwa tamu. Desturi ya choo niliiendeleza, kwa sababu vijana waliipenda, ila niliongeza kanuni moja: chochote kinachohukumiwa kikae juu ya meza wiki nzima kwanza, kimepimwa na kuandikwa, na kila fundi amekiuliza jina. Marehemu wengi waliachiliwa huru.

Sasa mikono yangu inatetemeka na siwezi tena kushika karatasi ya sigara bila kuichana. Magari ya siku hizi sikuyasoma, na siyadharau. Yametengenezwa na watu werevu na ningependa kuwa na miaka ishirini niyafungue. Ila nafurahi kuona vijana wa Meru na Embu wakifufua yale ya zamani, wakinipigia simu kuniuliza habari za shimu na metali nyeupe. Nawajibu ninachojua, na nisichojua nawaambia sijui.

Ninalowaambia wote ni la siku ile ya kwanza ya kuwasha. Injini ikishika, usiikanyage mafuta ili majirani wasikie. Iache ingurume taratibu, nusu saa hivi, ipate moto wake. Rafiki zako watataka kupiga picha. Mke wako atakuita chai. Utaona umemaliza, na moyo utakutuma ukatangaze. Usiende popote. Weka mkono wako juu yake, angalia geji ya oili, sikiliza, na ukae nayo.